Nani Amemshusha Radi?

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la ushahidi. Si shajara. Shajara ni za watu wenye raha.

Hali ilivyo: masjala yetu ina makarani wawili walio kwenye majaribio, mimi na Taratibu. Miezi yetu sita inakwisha Ijumaa ya wiki ijayo. Nafasi ya kudumu ni moja. Nani kasema ni moja? Hakuna aliyesema. Lakini wiki iliyopita kililetwa kiti kipya kimoja, na viti havidanganyi.

Taratibu si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu hufanya kila kitu polepole, akitabasamu, na hakosei. Mtu asiyekosea ana lake jambo.

Saa ya mapumziko ya mchana watu sita wa ofisi tunacheza gemu ya besiboli kwenye kompyuta. Aliyeileta ni fundi wa kompyuta, ambaye ndiye refa, mtunza sheria na mtangazaji. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona mechi ya kweli. Hatuna haja. Gemu hii haichezwi kwa vidole. Wewe ni kocha: unapanga kikosi, unawafundisha watu wako, kisha kompyuta inacheza yenyewe na wewe unabaki kuuma kucha.

Roho ya timu ni mrushaji. Yeye anarusha, mpigaji anashika gongo, akiukosa mpira mara tatu anarudi kuketi. Wangu nimemwita Radi. Anajua mipira miwili tu. Wa kwanza ni Kombora, unaokwenda kasi hadi mpigaji anausikia kabla ya kuuona. Wa pili ni Mlegevu, unaotoka mkononi kama Kombora kisha unachelewa njiani, na mpigaji anakuwa ameshapiga hewa. Kompyuta imempa alama 84 kwa mia. Hakuna mwingine ofisini mwenye mtu wa alama hizo. Tatizo ni kwamba Radi ni mmaliziaji. Anaingia zamu ya tisa, ya mwisho, anawatisha watu, anatoka.

Leo Mkuu wa Masjala alisimama nyuma yetu. Mama yule hasimami nyuma ya mtu bure. Alitazama skrini yangu. Akasema, "Hm." Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akaenda zake.

Kwa nini "Hm"? Nimelifikiria tangu saa nane na nimelielewa. Mashindano haya ndiyo mtihani wetu. Fainali ni Alhamisi ya wiki ijayo, siku moja kabla ya majaribio kwisha. Watakaokutana ni mimi na Taratibu. Mtu aniambie hiyo ni sadfa!

Kesho namfanya Radi kuwa mwanzishaji. Arushe zamu zote tisa. Mwenye simba hamfungi bandani akasubiri jioni.

Nimebadilisha neno langu la siri mara tatu. La tatu nimelisahau. Fundi amenifungulia. Sasa na yeye analijua.

Jumanne, 4 Machi

HUJUMA!

Saa saba na dakika tatu nilihamisha jina la Radi kutoka safu ya wamaliziaji kwenda safu ya waanzishaji. Saa saba na dakika nne alama zake zilikuwa 61. Sikugusa kitu kingine. Niliziona zikianguka kwa macho yangu. Alama ishirini na tatu, kama embe lililoiva.

Nikageuka haraka nimkamate mtu. Taratibu alikuwa anakunywa chai. Anakunywa chai! Kwa utulivu!

Nilimwendea Fundi kwa hila. Nikamwambia kuna rafiki yangu, simtaji, ana mrushaji ambaye alama zake zimeshuka ghafla. Fundi akauliza kama huyo rafiki yangu ana Radi. Nikasema huenda. Akacheka hadi akashika meza.

Maelezo yake, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka: alama si za mtu, ni za mtu na kazi aliyopewa. Mmaliziaji anaonana na mpigaji mara moja tu, kwa hiyo mipira miwili mizuri inamtosha. Mwanzishaji anaonana na mpigaji yuleyule mara tatu, nne. "Mara ya kwanza mpigaji anashangaa," akasema, "mara ya pili anakumbuka, mara ya tatu anakungoja mlangoni." Ndiyo maana kompyuta humhesabia mwanzishaji mipira yake mitatu bora. Radi ana miwili. Hapo penye wa tatu ni shimo.

Ni maelezo mazuri sana. Mazuri mno. Yalitoka haraka, kama yaliyoandaliwa. Na kikombe cha Fundi kilikuwa na chai. Nani humchemshia chai? Taratibu. Huwachemshia watu wote, kweli, hata mimi. Lakini njama nzuri huanza kwa kuwazoesha watu wote.

Jumatano, 5 Machi

Adui amejitokeza.

Taratibu alikuja mezani kwangu na rundo la majalada, akaniambia hivi: "Ndugu yangu, huyo Radi mfundishe Mkunjo tu, basi. Mpira mmoja. Halafu mwache atulie nao. Au mrudishe kumalizia, maana huko alikuwa anatuua." Kisha akatabasamu na kuniachia kipande cha biskuti.

Nimekaa na jambo hilo mchana kutwa. Mshindani wangu ananipa ushauri. Bure. Siku nane kabla ya fainali. Ushauri huo ukiwa mzuri, kwa nini anipe? Ukiwa mbaya, ndiyo hasa angenipa. Kwa hiyo ni mbaya. Akufukuzaye hakwambii toka.

Biskuti nimeila. Lakini kwa tahadhari.

Sheria ya Fundi: kila kocha anaruhusiwa kumfundisha mrushaji mpira mmoja mpya kwa siku ya kazi. Sikumfundisha Mkunjo. Nimemfundisha Mtelezo, ambao huenda moja kwa moja kisha unakwepa pembeni kama mdeni. Alama: kutoka 61 hadi 64.

Zimepanda! Nilicheka peke yangu hadi mama wa usafi akasimamisha ufagio. Sasa mwendo ni huu. Mpira mmoja umeleta alama tatu. Mipira mitano italeta kumi na tano. Hesabu haina urafiki na mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfundisha Mkunjo. Naam, uleule alioutaja Taratibu. Lakini yeye alisema "Mkunjo tu". Mimi nimeuweka juu ya Mtelezo, kwa hiyo sikumtii.

Alama: 58.

Na si hivyo tu. Kombora lenyewe limepungua kutoka 82 hadi 77. Mlegevu umepungua pia. Mtu ameingia humu ndani na kuchukua!

Fundi, nilipomhoji kwa niaba ya yule rafiki yangu, alisema hakuna mwizi. Mrushaji ana mkono mmoja na wiki moja ya mazoezi, na kila mpira mpya unakula chakula cha mipira ya zamani. Tena Mtelezo na Mkunjo ni mapacha. Yote miwili inakwepa upande uleule kwa kasi zinazokaribiana, na mpigaji aliyezoea mmoja ameshazoea wa pili. Kinachomwinua mrushaji ni tofauti. Kombora na Mlegevu vinabebana kwa sababu kimoja kina haraka na kingine hakina.

Niliporudi nyumbani nilimweleza dada yangu. Yeye ni msusi, na nakaa kwake. Alinisikiliza huku akichana nywele bandia, kisha akasema mshika mbili moja humponyoka. Nilitegemea angesema hivyo. Nikamjibu kwamba methali hiyo haikusema lolote juu ya mshika tano.

Nimemwomba unywele mmoja wa bandia, mweusi, mrefu. Akauliza wa nini. Nikamwambia wa ulinzi. Hakuuliza tena. Amenizoea.

Ijumaa, 7 Machi

Jana jioni nilirudi ofisini haraka kwa kisingizio cha mwavuli na kuulaza ule unywele juu ya vitufe vya kompyuta yangu, kutoka kitufe cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu akigusa, utahama.

Asubuhi haukuwepo! Ushahidi!

Nilipiga magoti kuutafuta chini ya meza. Mama wa usafi akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikasema unywele. Akaniambia kwa sauti ambayo masjala nzima iliisikia: "Pole, mwanangu. Nimeupangusa mimi na vumbi. Kama zinakatika hivyo, paka mafuta, usizione haya." Taratibu akainamisha kichwa kwenye jalada. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kwa hiyo na mama wa usafi yumo. Anafuta nyayo zao.

Nimemfundisha Radi mpira uitwao Kidole. Hauzunguki hewani. Unayumba tu kama mtu aliyetoka kuamka, na hata mrushaji mwenyewe hajui utafika wapi. Niliwaza: ikiwa mrushaji hajui, adui atajuaje? Alama: 52. Nimeziandika kwenye rejesta yangu ya ushahidi, kwa wino mwekundu, na nambari ya folio.

Hilo nitalieleza, maana daftari hili huenda likasomwa na wakubwa. Kazi ya masjala ni folio. Kila barua inayoingia hupewa nambari yake, hutiwa kwenye rejesta, ndipo hufungwa ndani ya jalada. Barua isiyo na folio ni kama mtu asiye na jina. Haipo. Mkuu alitufundisha hivyo siku ya kwanza, nami sijasahau. Katika jambo hili moja nina hakika na nafsi yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda saluni kwa dada. Mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, alitaka kujua mbona nimenyong'onyea. Dada akamweleza yote. Yote! Kwa sauti!

Mteja akauliza kama huyo Radi ni mtu au jini. Dada akasema ni picha tu kwenye kompyuta lakini mdogo wake anakonda kwa ajili yake. Kisha akanigeukia na chanuo. Alisema yeye anajua mitindo ishirini ya kusuka, lakini wateja wanamfuata kwa miwili, na anajua kwamba hiyo kumi na minane mingine akiing'ang'ania mikono itasahau ile miwili. "Tena wakinisifia ile miwili," akasema, "siulizi nani kawatuma."

Mteja akasema amina. Mimi nikasema saluni na masjala ni vitu tofauti.

Nilipotoka nje niliwasikia wanacheka. Huenda walicheka jambo jingine. Huenda.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mambo mazito.

Kwanza, yameletwa mapazia. Mapya, mazito, rangi ya udongo. Yametundikwa kwenye dirisha la nyuma yangu. Ofisi hii imekaa bila mapazia miaka yote, na leo yamekuja. Mtu akitundika pazia, ana kitu cha kuficha.

Pili, Radi amefundishwa Kisu, mpira wa kasi unaokata kona kidogo mwishoni. Alama: 47. Kombora sasa ni 70. Fundi amesema Radi anaanza kufanana na duka lenye kila kitu ila kile ulichofuata.

Tatu, na hili ndilo. Saa nane na robo Taratibu alinipa bahasha. Alisema Mkuu alimkuta ukumbini, akampa bahasha mbili, moja yake na moja yangu, akamwagiza anifikishie. Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu kuliko kawaida. Yake alikuwa ameshaifungua. Alisaini palepale ukumbini, barua ameiegemeza ukutani, kisha akairudisha kwa Mkuu.

Nilikwenda nayo stoo ya majalada nikaifungua peke yangu. Inasema nimethibitishwa kazini. Nisaini nakala, niirudishe kwa Mkuu kabla ya Alhamisi saa kumi jioni.

Moyo uliruka. Nikakaribia kulia. Nilishika kalamu.

Kisha nikatazama pembe ya juu ya kulia. Hakuna nambari ya folio.

Nikapekua rejesta ya leo, kurasa zote. Haikuingizwa. Muhuri umepigwa mshazari. Imeletwa kwa mkono, na mikono yenyewe ni ya adui. Nafasi ni moja, na yeye amepewa bahasha mbili? Mtego! Nikisaini, Ijumaa nitaitwa kuulizwa kwa nini nimesaini barua ya kughushi. Karani wa masjala anasaini barua isiyo na folio! Ningefukuzwa kabla ya chai.

Najua, barua za watumishi ni za siri na hazipitii masjala. Najua. Lakini hilo nalo aliyeniambia, nakumbuka vizuri, ni Taratibu.

Nimefungua jalada jipya. Nimeliita "Barua Zenye Mashaka". Nimeitia barua hiyo ndani, nikaipa folio namba 1, nikaifungia kabatini. Sasa ipo salama, na ipo kihalali.

Jumanne, 11 Machi

Kama nilivyotarajia. Taratibu amenijia asubuhi na kuniuliza kama nimeshasaini. Aliuliza tena saa sita. Aliuliza tena tulipokuwa tunatoka. "Ndugu yangu, usichelewe, ukishasaini tumemaliza, tukapumue." Mtu gani anaharakisha saini ya mwenzake namna hiyo? Anaitwa Taratibu! Siku zote ana subira ya mawe, leo ana haraka!

Nilimjibu kwamba naipitia. Akanitazama kwa namna fulani. Nimeandika pembeni: wasiwasi umeanza kumwingia.

Radi: nimemwongeza Mzamo, unaozama ukikaribia gongo. Alama: 43. Sasa ana mipira saba. Hakuna mrushaji mwingine ofisini mwenye mipira saba. Hilo lazima litahesabiwa mahali.

Jumatano, 12 Machi

Fundi aliniita pembeni. Hakucheka safari hii, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniambia bado nafasi ipo. Nimwamuru Radi aiache mipira mitano, mazoezi yote yarudi kwa Kombora na Mlegevu, kisha nimrudishe kumalizia. Hatafika 84 kwa siku moja lakini atapita 70. Mwanzishaji niweke yule mwingine, wa mipira mitatu ya kawaida, ambaye nimemsahau kwenye benchi tangu mwezi uliopita.

Nilimwuliza nani amemtuma.

Akasema hakutumwa, anaona huruma tu. Nikauliza anamhurumia nani. Akasema mwanzoni alikuwa anamhurumia Radi.

Sikubadilisha kitu. Wote watatu, Taratibu, Fundi na dada yangu, wanasema neno lilelile: punguza. Watu watatu wasiokaa nyumba moja hawawezi kusema neno moja bila kukutana.

Nilipita mlangoni kwa Mkuu. Aliinua kichwa akauliza kama nina kitu cha kumpa. Nikasema hapana, Mama, kila kitu kipo mahali pake. Akasema kesho saa kumi orodha inakwenda juu. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Orodha gani? Nilitaka kumuuliza, lakini mwenye kuuliza hujulikana kwamba hajui.

Alhamisi, 13 Machi

Fainali.

Mrushaji wa Taratibu anaitwa Karani. Kombora 70, Mkunjo 73, Mlegevu 71. Kwa jumla 72. Hana cha kutisha. Ukimwona ungempa barua akapeleke posta.

Ofisi nzima ilikusanyika nyuma yetu na vikombe. Fundi akaanza kutangaza. Kompyuta ikaanza kucheza.

Karani alirusha mpira wa haraka, kisha wa pole, kisha wa kupinda. Kisha akaanza tena kwa mpangilio mwingine. Wapigaji wangu walikuwa wanapiga hewa kama watu wanaofukuza nzi.

Radi alianza na Kidole. Ulipigwa ukatoka nje ya uwanja, yaani pointi yao. Akarusha Kisu. Ukatoka nje ya uwanja. Akarusha Mtelezo, mpigaji akaukosa, nikaruka! Akarusha Mkunjo, ambao ni pacha wa Mtelezo, na mpigaji aliungoja kama anayemngoja jamaa yake stendi. Fundi akawa anatangaza: "Radi anafikiri. Radi bado anafikiri arushe upi. Jamani, Radi ana mambo mengi!" Hadi zamu ya tatu walikuwa wameshaniingizia tisa.

Alirusha Kombora mara nne tu mechi nzima. Nne! Lile la zamani, la 82, lilikuwa halimjui tena.

Kumi na nne kwa mbili.

Taratibu alinipa mkono. Kisha akaninong'oneza: "Achana na gemu. Barua. Saa nane na nusu sasa. Nenda kasaini, nakusindikiza." Alikuwa ameacha kutabasamu kabisa. Alinishika mkono wa shati. Nikajua: ameshinda kombe, sasa anakuja kumalizia roho. Nikajifungia stoo ya majalada hadi saa kumi na robo. Alibisha mlango mara mbili. Sikupumua.

Nimeshindwa mechi, lakini mtegoni sikuingia.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu aliniita saa tatu.

Nitayaandika kama yalivyokuwa.

Aliuliza barua yangu iko wapi. Nikasema ipo salama, ndani ya jalada, folio namba 1. Aliuliza jalada gani. Nikamtajia jina lake. Akavua miwani. Akatazama mapazia.

Kisha alisema barua ilikuwa ya kweli. Ameiandika mwenyewe. Nafasi zilikuwa mbili tangu mwanzo, yangu na ya Taratibu, na kila mtu masjala alijua. Kile kiti ni chake yeye, mgongo unamsumbua. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu mashindano. Akauliza mashindano gani. Nikamkumbusha siku aliyosimama nyuma yangu akasema "Hm" na kuandika. Akafungua kijitabu, akanionyesha ukurasa wa tarehe 3. Kulikuwa na neno moja: mapazia. Jua lilikuwa linapiga kwenye skrini, na akawaza tutaharibu macho.

Orodha ilikwenda juu jana ikiwa na jina moja. Alisema Taratibu alikwenda ofisini kwake mara mbili kumwomba aingoje saini yangu. Yeye Mkuu aliingoja dakika kumi kupita muda. Zaidi hakuweza. Alilopigania na kulipata ni miezi mitatu mingine ya majaribio. "Wewe ni karani mzuri, mwanangu," akasema. "Unaweka majalada kuliko mtu yeyote niliyewahi kuwa naye. Kwa nini hilo moja halikutoshi?"

Nilisema asante, Mama.

Nje Taratibu alikuwa ananingoja na chai. Aliiweka tu mbele yangu, sukari vijiko viwili, ninavyopenda.

Sijui amejuaje kwamba ni viwili.

Jumapili, 16 Machi

Nimepumzika siku mbili na akili imetulia. Dada amenisuta, kisha amenipikia, kisha amenisuta tena. Anasema nimwombe Taratibu radhi. Nitamwomba, nikishajua anachotafuta.

Maana yapo mambo hayajajibiwa. Kijitabu cha Mkuu kilikuwa tayari mezani. Nani huweka kijitabu cha tarehe 3 tayari, tarehe 14? Na kama kweli Taratibu aliniombea mara mbili, alijuaje kwamba nitahitaji kuombewa?

Kuhusu Radi, nimegundua kosa. Mipira saba ilikuwa michache. Fundi ameniambia kwamba gemu inaruhusu hadi kumi, kisha akaniomba sana nisahau aliyoyasema. Kesho naanza na wa nane.

Barua ya kuongezewa majaribio nimeipokea Ijumaa jioni, kwa mkono wa Mkuu mwenyewe. Natakiwa kuisaini na kuirudisha kabla ya Jumatano saa kumi, na mwishoni imeandikwa kwa herufi nene kwamba safari hii hakutakuwa na nyongeza. Nimeikagua juani na kivulini. Ina nambari ya folio. Imeingizwa kwenye rejesta, ukurasa upo, nimeuona. Muhuri umenyooka. Tarehe ni sahihi, jina langu limeandikwa sawasawa, hata nukta zipo zinapostahili.

Miezi sita nimefanya kazi masjala, na sijawahi kuona barua isiyo na kosa hata moja.

Kesho asubuhi naifungulia jalada.